Kware Aliyefichwa Bafuni

Dawa ile nyekundu haitoki kwa sabuni. Sugua kwa limau, sugua kwa jiwe la visigino, itakaa kwenye ncha za vidole vyako siku tatu nzima, na kila utakayempa mkono atajua kwamba nyumbani kwako kuna mtoto aliyeanguka. Jumamosi binti yangu alichubuka goti. Mama yangu akampaka dawa hiyo gotini, na kwa kuwa mama hajui kupaka kidogo, akampaka na paja, akapaka na zulia. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mtoto. Leo nimekaa na barua kutoka shuleni kwake, na kila nikiigusa naona vidole vyekundu juu ya karatasi nyeupe. Barua nitaieleza, lakini siwezi kuieleza kabla sijawapa habari za kware.

Nyinyi wa rika langu, mliolelewa Brussels na akina mama waliotoka Bukavu, Uvira au Bujumbura, mnaijua chupa ninayoisema. Ilikaa kwenye kabati la bafuni, karibu na mafuta ya nywele, na ilitibu kila kitu: goti, jipu, kidole kilichobanwa na mlango. Mama zetu waliamini kwamba kidonda kisichoonekana kutoka ng'ambo ya barabara bado hakijatibiwa. Tulikwenda shuleni na nyuso nyekundu na hakuna aliyetuuliza kama tunataka. Mimi nilianza kuichukia nikiwa na miaka tisa, na walionifundisha kuichukia ni ndege watano, kila mmoja anaenea kwenye kiganja.

Tulikuwa tunaishi Evere, ghorofa ya tatu. Papa alipakia mizigo uwanja wa ndege. Mama aliwaogesha wazee majumbani mwao. Alitoka asubuhi na blauzi nyeupe ya kazi na kurudi nayo jioni ikiwa bado nyeupe, jambo ambalo hadi leo silielewi. Tena mama alikuwa na shinikizo la damu, na hapo ndipo alipopata mlango wa kuingilia Tonton Déo, rafiki wa papa, ambaye hakuwa ndugu wa yeyote kati yetu lakini alikuwa na neno la kusema juu ya kila jambo letu. Jumapili moja alipanda ngazi akihema, amekumbatia sanduku la kadibodi lililotobolewa matundu. Ndani yake kulikuwa na mkwaruzo wa kucha nyingi ndogo.

“Maman Nsimire,” alimwambia mama, “iyi mayayi yake njo dawa ya tension. Kila asubuyi unakunywa cinq, mayayi tano mabichi. Mu miezi mbili utanishukuru.”

“Na dume iko?” mama aliuliza.

“Hapana! Zote ni ya kike. Nilichagua miye mwenyewe.”

Papa aliokota kizimba cha sungura ambacho mtu alikuwa amekiacha kando ya barabara kwa wazoa taka, akakiosha, akakiweka kwenye roshani yetu iliyozibwa kwa vioo. Kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba mwanga huwafanya ndege watage, alining'iniza juu yake taa ndefu ya mrija, kali kama ya hospitali, na ikawaka tangu alfajiri hadi tulipokwenda kulala. Kizimba chembamba, taa kali, sakafu tupu, hakuna hata jani moja la kujificha nyuma yake. Mfugaji yeyote wa kware angetuambia kwamba tulikuwa tunatafuta vita kwa mikono yetu. Sisi tuliona tumewajengea nyumba nzuri.

Niliwapa majina siku ileile. Mwenye kifua cha rangi ya kutu nilimwita Chef, yaani mkubwa, kwa jinsi alivyokuwa akitembea. Watatu wanene waliokuwa wakifuatana kila mahali niliwaita Les Mamans. Wa tano alikuwa mdogo, ana unyoya mmoja mweupe kichwani, na nilipomfumbata kiganjani alijikunja humo akalala. Huyo nilimwita Kadogo, na nilimpenda kwa namna ambayo sikumwambia mtu, maana nyumbani kwetu ndege ni chakula na kumpenda chakula ni utoto.

Wiki ya pili ndipo mambo yalipoharibika. Chef alimshika Kadogo shingoni kwa mdomo, akavuta, akatoka na unyoya. Akarudi, akavuta mwingine. Les Mamans walitazama kidogo, kisha wakaja nao, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaoonja mboga. Kware akidonolewa hapigi kelele nyingi. Anainamisha kichwa na kujibana kwenye kona, na kona ndipo mahali pabaya kuliko pote. Nilipomtoa, utosi ulikuwa unavuja damu.

Mama alifanya ambalo mama yeyote wa kwetu angelifanya. Alichukua chupa.

“Kaa kimya, kadogo kangu, dawa itakusaidia,” alimwambia, na akampaka kuanzia mdomoni hadi mgongoni. Kisha akamrudisha kizimbani, amewiva mwekundu chini ya taa ile. Wote wanne wakamvamia kwa pamoja. Mama akakata shauri kwamba dawa ilikuwa haijatosha. Akampaka tena, zaidi. Siku mbili, mara tatu, na kila mara walimrukia kwa nguvu kuliko mwanzo, mpaka nyuma ya kichwa ikabaki ngozi tupu.

Papa alirudi kutoka zamu akasimama mbele ya kizimba na koti lake la kazini.

“Kama ile kadogo inakufa,” alisema, “alors zote zinaingia mu sufuria. Mi siwezi kulisha ndege zenye zinakulana.”

Papa hakuwa mtu mkatili, lakini kuhusu sufuria hakuwa na mzaha. Nikajua kwamba uhai wa wote watano sasa unaning'inia kwenye shingo ile nyekundu isiyo na manyoya.

Basi mama akamhamishia Kadogo bafuni, ndani ya sanduku la viatu kando ya bafu, na mtama na kikombe cha maji. Ilikuwa kawaida yake. Watoto wa jengo letu wakipigana uani, mama hakuuliza nani ameanza. Alifungua dirisha akamwita ndani yule anayelia. Anayelia aingie, mengine yataisha. Waliobaki nje waliendelea kucheza. Nami kwa akili ya miaka tisa nilikuwa nimejifunza kutokana na hayo somo moja tu: anayeitwa ndani ndiye mwenye kosa. Kwa hiyo jioni ile niliketi juu ya kifuniko cha choo, nikamhoji Kadogo kwa upole.

“Uliwafanya nini?” nilimuuliza. “Niambie mimi tu.”

Nilikuwa na sababu ya kutaka jibu. Shuleni, mwaka ule wa nne, nami nilikuwa nimetolewa. Mama alinisuka Jumapili mbili kila mwezi na kunifungia shanga nyekundu na nyeupe kwenye ncha za misuko. Msichana mmoja wa darasa letu, Maëlle, alianza kuchomoa shanga moja kila mapumziko. Kisha rafiki zake wanne wakaanza nao. Siku moja walivuta msuko hadi ngozi ya paji la uso ikachanika, na mama, nadhani mmeshajua, alichukua chupa. Kesho yake niliingia uwanja wa shule na paji la uso linalong'aa kama taa ya kusimamisha magari, na nusu ya shule ilinifuata. Mwalimu alimwita mama. Alisema kwa sauti nzuri sana kwamba kwa usalama wangu, wakati wa mapumziko, nitakaa darasani na vitabu. Nilimtazama mama nikisubiri angurume. Mama alishika mkoba wake kwa mikono miwili.

“Merci, madame,” alisema. “Merci beaucoup.”

Sikumsamehe. Nilikaa darasani wiki tatu, nimebandika pua kwenye kioo, namwona Maëlle chini anaruka kamba. Niliamini kwamba mama ananionea haya, kwamba ile merci, ile asante, ni kukubali kuwa mimi ndimi tatizo.

Kware hawezi kuishi peke yake, hilo hatukulijua pia. Kadogo alikuwa salama bafuni na hakuwa anakula. Alikuwa anaita, sauti ndogo ya kutetemeka, akigeuzia kichwa upande wa roshani, na wale wengine, walewale waliomla, walikuwa wanamjibu. Siku ya tatu nilimshika nikausikia mfupa wa kifua umetokeza. Kabla sijatoka asubuhi mama alimwongezea dawa, na mimi ndiye niliyemshika. Ilikuwa Jumatano, siku ambayo shule huisha mchana, na mama hangerudi kabla ya saa kumi.

Nilipotoka shule nilikwenda kuwapa wale wanne chakula. Nilipitisha vidole kwenye waya nikimwaga mtama, na Chef akanidonoa. Si kwenye mtama, kwenye ncha ya kidole. Nikaguta, nikavuta mkono, nikaingiza mkono wa pili. Hakuna aliyejali. Nikarudisha ule wa kwanza: wawili sasa, tak, tak, kwenye doa jekundu la dawa. Nilisimama pale muda mrefu. Kisha nilichomoa shanga nyeupe nywelani nikaitupa ndani. Les Mamans waliikanyaga wakapita. Nikachomoa nyekundu. Wote wanne walikuja mbio.

Nilikasirika hadi meno yakaniuma. Dawa ndiyo iliyokuwa inawaita. Tulimpaka Kadogo wito huo mara tatu, tukamrudisha mikononi mwao, kisha tulipochoka tukamfungia yeye. Na damu ya kwanza, ile ambayo haikupakwa na mtu, aliitoa Chef, na Chef alikuwa amesimama katikati ya nyumba akijinyoosha.

Sikungoja ruhusa. Nilimchukua Kadogo nikamsugua kwa sabuni chini ya maji ya uvuguvugu, na bila shaka haikutoka. Basi nikafungua mkoba wa shule. Mnakumbuka zile kalamu zetu za wino, na vile vibomba vidogo vya bluu tulivyolazimishwa kununua? Nilikata vinne kwa mkasi, nikammwagia Kadogo utosini, shingoni na mgongoni mpaka wekundu wote ukazama. Wino uliruka kwenye bafu, kwenye taulo, kwenye ukuta. Nilimkausha kwa mashine ya nywele ya mama. Kisha nilimtoa Chef kizimbani. Alikuwa na ile rangi ya kutu kifuani, na mimi kwa hasira nilisahau kwamba alikuja nayo, nikaiona ni damu ya Kadogo iliyomkaukia. Nikamsugua kifua ili itoke. Haikutoka hata kidogo, na hilo likanihakikishia kwamba uovu wake umeingia hadi ndani. Nikamweka kwenye sanduku la viatu, nikafunga mlango wa bafuni, na Kadogo nikamrudisha nyumbani kwake, kichwa cha bluu, akiwa na njaa ya siku tatu. Les Mamans walimzunguka, wakamtazama upande huu na upande huu. Kisha wakaendelea kula, naye akala kati yao.

Mama alifungua mlango wa bafuni kabla hajavua koti.

“Nsimire! Iyi bleu ni ya nini mu baignoire yangu?”

“Ni ya Kadogo.”

“Na Kadogo iko wapi?”

“Mu nyumba yake.”

“Na iyi yenye inalia humu ndani ni nini?”

“Ni Chef. Nimemufunga.”

“Nani alikuambia ufunge Chef? Mi nilimuweka Kadogo hapa, juu apone!”

“Haponi! Anakufa!” Sikuwa nimewahi kumpandishia mama sauti, na sauti ilipotoka haikutaka kurudi. “Juu ya nini Kadogo njo akae mu bafu, na Chef akae mu nyumba? Yeye njo anapiga! Na ile dawa yako njo inabaita! Na miye pia ulinipaka, na miye pia banakuya!”

Mama aliinua mkono. Nilifumba macho, lakini sikusogea. Nataka ijulikane kwamba sikusogea. Mkono haukuja. Nilipofumbua, mama alikuwa ameinama juu ya sanduku.

“Na uyu, juu ya nini amelowa?”

“Nilimuosha damu ya Kadogo. Haitoke.”

Mama alimshika Chef, akampuliza kifuani, akatenganisha manyoya kwa kidole. Alikulia kwenye kuku, mama yangu. Alitazama mara moja tu.

“Iyi haiko damu,” alisema. “Njo rangi yake. Uyu ni dume. Eti zote ni ya kike! Déo, muongo weye!”

Akacheka. Alikaa kwenye ukingo wa bafu lililojaa bluu akacheka mpaka machozi yakamtoka, na baadaye niligundua kwamba kicheko kilikuwa kimeisha na machozi yalikuwa bado yanakuja. Alinivuta akanisimamisha kati ya magoti yake.

“Na weye, ku masomo, unabakia ndani kila siku?”

“Kila siku.”

“Na ule mutoto?”

“Anacheza inje.”

Akanigusa kovu la paji la uso.

“Tulifika huku,” alisema, “bakasema simama hapa, merci. Bakasema rudi kesho, merci. Mi nilizani ukisema merci, banakuacha, banaacha na mutoto wako.”

Ndipo nilipojua kwamba haikuwa haya. Mama aliogopa, miaka yote ile, na alitusitiri kwa neno moja la Kifaransa. Niliumia kwa jinsi nilivyomchukia wiki tatu.

Kesho yake alinipeleka hadi mlango wa darasa, na blauzi yake nyeupe, huku mzee wake wa kwanza akimsubiri kuogeshwa. Alizungumza na mwalimu kwa Kifaransa chake cha polepole. Alimwambia kwamba nyumbani tunafuga kware. Kwamba tulimtoa aliyedonolewa, akawa anakufa. Kwamba jana binti yake amemtoa anayedonoa, na leo wote wanakula. Mwalimu aliuliza, “Kware, madame?” Mama akasema ndiyo, kware, na mtoto wangu leo atacheza nje, nani akae ndani, amueni nyinyi. Nilisubiri ile merci. Mama alimtakia siku njema tu, “Bonne journée,” akaenda zake.

Sitawadanganya kwamba dunia iligeuka. Maëlle alikaa ndani siku nne, na alipotoka aliniita majina mawili matatu, lakini wale rafiki zake walikuwa wameshazoea mchezo mwingine na hakuna aliyemfuata. Jumapili mama aliponikalisha kunisuka, nilimpa bakuli la shanga nikiwa nimeshazichagua.

“Zote rouge, nyeupe hapana?” aliuliza.

“Zote.”

Alizifunga zote, akazikaza kwa uzi maradufu.

Chef alikaa bafuni juma zima, akiwika kila papa alipokwenda kunyoa ndevu. Mama aliifunika taa kwa kitenge, akasema hata yeye angekaa chini ya mwanga ule angempiga mtu. Papa alileta kizimba cha pili akakiunganisha na cha kwanza, mimi nikaweka sinia la mchanga na matawi ya msonobari. Tulipomrudisha Chef alikwenda moja kwa moja kwa Kadogo, mdomo wazi, na mnene mmoja katika Les Mamans akamrukia kabla hajafika. Alimaliza siku ile kwenye kona, na baada ya hapo alijifunza adabu. Hakuna aliyeingia kwenye sufuria. Papa anaapa hadi leo kwamba hakusema neno lolote kuhusu sufuria. Kadogo hakuota tena manyoya utosini, na alibaki na kipara cha bluu kilichofifia polepole. Mayai yake mama aliyanywa mabichi, amefumba macho, na shinikizo likabaki palepale.

Sasa barua. Imeandikwa vizuri. Wanasema kuna watoto wachache wanaomsumbua binti yangu wakati wa chakula cha mchana, goti lile la Ijumaa ni la kusikitisha, na kwa usalama wake wanapendekeza awe anakula peke yake katika chumba cha pembeni. Wanaomba sahihi yangu chini. Goti lile lilichubuliwa shuleni, basi. Aliniambia ameanguka Jumamosi ngazini, na mimi nilimwamini, ingawa nami nilikuwa mtoto na nilijua kudanganya vivyo hivyo.

Sikutia sahihi. Niliandika chini, kwa wino wa bluu, kwamba mtoto wangu hatoki, atoke anayedonoa, na kwamba kesho nitakuja kueleza. Kisha nikampigia mama simu, nikamsomea barua yote, hadi neno la mwisho. Mama amestaafu, magoti yanamsumbua, ngazi anazipanda kwa kupumzika.

“C'est à quelle heure? Kesho, saa ngapi?” aliuliza. “Niambie sasa, nipige pasi ile blouse.”